Ochola wa Minosaki Denshi

Kwa miaka ishirini na mitatu Eliud Ochola alikuwa fundi wa lifti jijini Stockholm, na kama kuna kazi inayomfundisha mtu kutoamini, basi ni hiyo. Lifti ikiwa kimya, alishuku. Ikipiga kelele, alishuku zaidi. Wenzake walimheshimu kwa ajili hiyo, maana lifti iliyopitishwa na Ochola hata bibi wa miaka tisini angeipanda huku anasinzia. Lakini nyumbani kwao Fisksätra, mkewe Mueni hakuiona tabia hiyo kuwa sifa. Barua ikifika, Ochola aliimulika kwanza kwenye taa. Simu ikilia kwa namba asiyoijua, aliiacha ilie mpaka ichoke, kisha akaitafuta namba hiyo mtandaoni kama askari anayemsaka mtoro.

"Baba Michelle," Mueni alizoea kumwambia, "siku moja malaika atakuja na habari njema, nawe utamdai kitambulisho."

"Akiwa malaika wa kweli, atakuwa nacho," Ochola alijibu.

Basi mambo yalianzia Spånga, kwenye sherehe ya ubatizo wa mjukuu wa Zakayo, Mtanzania mmoja waliyesali naye. Watu walikuwa wameshiba pilau, wanaume wamejikusanya dirishani, na Zakayo akaanza kusimulia jinsi siku moja pale Slussen alivyomkuta Ochola akiwaelekeza watalii wa Kijapani njia kwa lugha yao. "Kijapani kabisa! Wale akina mama wakamwinamia mpaka kofia zikaanguka!" Watu wakacheka. Mmoja tu hakucheka. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwenye miwani, aliyetambulishwa mapema kuwa Hervé wa Lubumbashi, mtaalamu wa kompyuta katika ofisi moja ya Sundbyberg. Alimkazia Ochola macho, kisha akamsogelea.

"Pardon, mzee. Jina lenu ni Ochola?"

"Ndiyo."

"Mlishawahi kufanya kazi Japani? Sakai, pembeni ya Osaka?"

Sambusa ikabaki hewani mkononi mwa Ochola. Miaka zaidi ya thelathini ilikuwa imepita bila mtu yeyote kulitaja jina la mji ule mbele yake.

"Umenifananisha," akasema. "Kijapani nilijifunzia kwenye redio."

Mueni, aliyekuwa akipita na sinia la vikombe, alilisikia jibu hilo. Alingoja hadi walipoketi kwenye treni ya kurudi, Michelle binti yao akiwa amezama kwenye simu yake mbele yao.

"Mume wangu, ukutani kwetu kuna picha yako umevaa joho la kuhitimu, na nyuma yako bango zima ni Kijapani. Sasa redio imetokea wapi?"

"Simjui yule mtu."

"Sikukuuliza kama unamjua. Nimekuuliza kwa nini umemdanganya."

Michelle akainua macho. "Vem har ljugit?" akauliza kwa Kiswidi, akitaka kujua ni nani aliyedanganya.

Ukweli ni huu. Mwaka 1985 Ochola alipata ufadhili wa serikali ya Japani kusomea umeme. Alipohitimu, profesa wake alimtafutia kazi kwenye kampuni ndogo mjini Sakai iitwayo Minosaki Denshi. Ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya karakana ya vipuri vya baiskeli, na wafanyakazi wake walikuwa thelathini na wawili. Walitengeneza michezo ya video, ile ya mashine kubwa zilizosimama kama makabati, ambayo mtu anatumbukiza sarafu, anashika usukani au kijiti, na kucheza mpaka ashindwe. Mchezo wao wa kwanza ulikuwa wa tarishi anayeruka juu ya mapaa ya nyumba. Wa pili, mpiga mbizi wa lulu. Haikuuzwa sana, lakini ilitosha kuwalisha. Kazi ya Ochola ilikuwa kupima bodi, zile sahani za kijani zenye nyaya na chipu ambamo mchezo wenyewe unakaa. Yeye ndiye aliyezipasha moto, akazitikisa, akazichezesha siku nzima ili kuona zitaharibikia wapi.

Hayo Mueni hakuyajua. Alichojua ni kwamba mumewe alikuwa Japani "kwenye kampuni ya vifaa vya umeme", akarudi Nairobi, akafundisha chuo cha ufundi, na hapo ndipo walipooana. Yeye Mueni ndiye aliyetangulia Sweden kusomea uuguzi, Ochola akamfuata. Kila alipomuuliza habari za Japani, mumewe alimjibu kuhusu chakula na msimu wa mvua.

Wiki mbili baada ya ubatizo barua ikaja. Ochola aliimulika, akaigeuza, akaifungua kwa kisu. Ndani kulikuwa na ukurasa mmoja wa majina kwa herufi kubwa za Kirumi, na maneno machache ya mkono: *Mzee, orodha hii imefichwa ndani ya chipu za mchezo wa Zimamoto wa Minosaki Denshi. Naandika historia ya kampuni hiyo. Angalia jina la mwisho. Hervé.*

Jina la mwisho lilikuwa OCHORA.

Alikaa kwenye kiti cha jikoni. Zamani zile makampuni hayakuruhusu majina ya watengenezaji yaonekane, wasije wakanyakuliwa na washindani, kwa hiyo waandishi wa programu waliyaficha ndani kabisa, mahali ambapo mchezaji hawezi kufika. Na Wajapani, ambao ulimi wao hautenganishi *l* na *r*, walimwandika walivyomsikia. Kumbe lilikuwa bado limo humo.

Lakini furaha haikupata nafasi. Shaka iliwahi. Nani amemtuma mtu huyu? Anwani amempa nani? Ochola alimpigia Zakayo, akamhoji kwa robo saa. Huyo Hervé anasali wapi? Ana familia? Ametoka Kongo lini? Zakayo akachoka. "Ndugu yangu, unataka kumwoza binti au unataka kumshtaki? Hervé ni mtu wa watu. Wazimu wake ni hayo mamashine ya zamani tu. Ameyajaza chini ya nyumba."

"Mtu wa watu," Ochola alijisemea alipokata simu. "Hata Nakai alikuwa mtu wa watu."

Mueni alisimama mlangoni. "Nakai ni nani?"

Ochola aliirudisha barua kwenye bahasha. Alisema tu kwamba Jumamosi angekwenda Sundbyberg kuona huyo Mkongomani anataka nini.

"Tunakwenda wote," Mueni akasema. "Wewe utamshuku mwenyeji, mimi nitakushuku wewe."

Hervé aliwapokea saa sita mchana na kuwateremsha kwenye ghala la chini la jengo lao. Mkewe Dorothée alikuwa amewatayarishia chupa ya kahawa na keki za mdalasini. Ukutani zilipangwa mashine tano za michezo, rangi zimechujuka, na mezani palikuwa na bodi mbili za kijani kando ya kompyuta. Ochola hakuketi. Alizunguka chumba chote akitazama milango, kisha akaziendea zile bodi.

"Hii ni ya kwetu," akasema, akigusa ya kushoto. Aliutambua mhuri wa Minosaki.

"Oui, mzee. Niliinunua kwa mkusanyaji mmoja wa Ujerumani. Ya kuume ni ile ya wizi."

Mueni akainua uso. "Ya wizi kivipi?"

Hervé akamtazama Ochola, kana kwamba anaomba ruhusa. Hakupewa, basi akaeleza mwenyewe. Mwaka 1991 Minosaki Denshi walikuwa wamemaliza mchezo wao mkubwa, Zimamoto, wa mtu anayepanda jengo linaloungua akiokoa watu kwenye kila ghorofa. Miaka miwili waliufanyia kazi. Kabla ya kuuuza, bodi moja ilipelekwa kwenye ukumbi wa michezo mjini Osaka kwa siku saba, ili kuona kama watu wangeupenda. Waliupenda mno. Lakini kabla ya mwezi kuisha, mchezo uleule ulitokea kwenye miji mingine kwa jina jingine, umenakiliwa kila kitu, na wateja wakaununua huo. Minosaki walipouleta wa kwao sokoni, wao ndio walioonekana waigaji. Mwaka uliofuata kampuni ilifunga milango.

"Na mwizi alikuwa nani?" Mueni akauliza.

Hervé akakohoa. Akafungua kompyuta na kugeuza kioo kuelekea kwa Ochola. "Nilitaka msome kwanza ninyi wenyewe, mzee, kabla sijachapisha."

Iliandikwa kwa Kiswidi. Ochola aliisoma polepole, midomo ikitembea. *Kwa mujibu wa mfanyakazi mmoja wa zamani, mchezo ulivujishwa na fundi mgeni aliyeaminiwa kuibeba bodi kwenda Osaka.*

Uso wake ukabadilika. "Mgeni alikuwa mmoja tu pale."

"Najua, mzee."

"Nani amekuambia haya?"

"Aliomba nisimtaje."

"Ahaa! Mimi nitajwe, yeye asitajwe!" Ochola alipiga meza, vijiko vikaruka. "Unakaa chini ya nyumba yako hapa, unamtia mtu wizi wa miaka thelathini, halafu unamletea keki!"

Mueni alimshika mkono. Alimfahamu mumewe akiwa na hasira, lakini hii haikuwa hasira peke yake. "Baba Michelle," akasema taratibu, "uliibeba hiyo bodi?"

"Niliibeba. Kwenye treni, ndani ya mfuko wa nguo, kama mtoto. Nikaifunga kwenye mashine kwa mikono yangu, na baada ya siku saba nikaifungua kwa mikono yangu. Nakala zilipotokea, hakuna aliyeniita mwizi. Wale hawakuiti. Wanaacha tu kukumiminia chai. Nilikuta kitasa cha chumba cha bodi kimebadilishwa, na mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo."

Ochola aliinama juu ya zile bodi mbili, na polepole jicho la fundi likaishinda hasira. Alizitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa:

"Ile orodha ya majina uliyonitumia uliitoa kwenye ipi?"

"Ya kwenu. Ya kushoto."

"Na hii ya wizi, umeitafuta humo?"

Hervé akakuna kichwa. "Non. Niliona mchezo ni ule ule, sikujisumbua."

"Jisumbue."

Ilichukua kama nusu saa. Hervé alizichomoa chipu moja moja, akazisoma kwa kifaa chake, herufi zikaanza kuteremka kwenye kioo kama mvua, nyingi hazina maana. Kisha yakaja majina, yamepangana vizuri. Hervé akayahesabu kwa kidole. Akayahesabu tena.

"Thelathini na moja."

"La mwisho ni lipi?" Ochola akauliza, ingawa alikuwa analiona.

"Shindo. Ninyi hamumo, mzee."

Ochola akaketi kwa mara ya kwanza tangu aingie. Aliomba kahawa, akainywa yote, ndipo akaeleza. Shindo ndiye aliyeandika programu ya Zimamoto, na orodha ilikuwa yake. Asubuhi ile ya kwenda Osaka, Ochola akiwa ameshavaa koti, Shindo alimsimamisha. Akamwambia si haki mtu anayeubeba mchezo asiwemo ndani ya mchezo. Akaliongeza jina lake, akachoma chipu mpya hapo hapo, yaani akaziandikia programu yenye jina hilo, akazipachika, na bodi ikaondoka na majina thelathini na mawili. Kuanzia siku hiyo kila bodi iliyotoka Minosaki ilikuwa na jina hilo.

"Kwa hiyo iliyonakiliwa si ile uliyobeba wewe," Mueni akasema taratibu, akiipima hoja kama mtu anayekanyaga barafu. "Ni ya kabla yake."

"Ya kabla yake. Na ya kabla yake ilikuwa moja tu. Ilikaa ofisini kwa mkurugenzi, Kuroiwa. Sikuwahi kuishika."

Hervé alivua miwani. "Basi mzee mko safi! Nafuta maneno yale leo leo!" Akainuka kumpa mkono.

Ochola hakuupokea. Aliitazama sakafu.

"Usifute chochote kwanza," akasema. "Sijamaliza. Mueni, hili nilipaswa kukuambia kabla hatujaoana." Akakisogeza kikombe pembeni. "Nakala zilipotokea, Kuroiwa aliniita ofisini. Akaniuliza kwa upole kama kuna mtu ninayemshuku. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, kibali changu cha kuishi kiko mikononi mwake, na chai hainifikii tena. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nikatazama ni nani aliye karibu yangu kuliko wote. Alikuwa Nakai, tuliyepima naye bodi meza moja, aliyenifundisha kula na vijiti, aliyenialika kwao mwaka mpya. Nikasema, 'Nakai hubaki na bodi wenzake wakishaondoka.' Ni kweli, alibaki. Alibaki kwa sababu alikuwa mchapa kazi. Wiki hiyo hiyo akaachishwa kazi. Nilimwona akishuka ngazi na sanduku lake, na sikumwangalia machoni."

Dorothée, aliyekuwa ameingia na keki nyingine, akasimama alipo. Mueni aliuachia mkono wa mumewe. Hakuuachia kwa hasira. Aliuachia kama mtu anayetaka kutazama vizuri anachokishika.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani una mwanamke Japani. Mtoto, labda. Nilijitayarisha kwa mtoto."

Lakini Ochola alikuwa amegeukia kitu kingine. Alikuwa ametumia nusu ya maisha yake akisikiliza breki zinazonyamaza kabla ya kushindwa, na sasa alisikia ukimya wa namna hiyo upande wa pili wa meza. Tangu jina la Nakai litajwe, Hervé hakuwa amesema neno, naye alikuwa akiifuta miwani iliyokwisha kuwa safi.

"Ni yeye," Ochola akasema. "Aliyekuambia ni mgeni. Ni Nakai."

"Mzee, niliahidi..."

"Hujasema. Nimesema mimi. Yuko hai?"

Hervé akatikisa kichwa kukubali. "Yuko hai."

Siku zilizofuata Mueni alikwenda kazini, akarudi, akapika, akamtazama mumewe kama anavyomtazama mgonjwa ambaye vipimo vyake havijarudi. Siku ya nne alimwekea karatasi na kalamu mezani. "Michelle anasema siku hizi watu wanaandikiana kwa simu. Mimi nasema hili liandikwe kwa mkono."

Kijapani chake kilikuwa kimeota kutu. Alitumia wikendi tatu. Alimwandikia Nakai bila kujitetea: kwamba alimtaja, kwamba alijua hana ushahidi, kwamba aliogopa. Hervé akaituma. Barua ya pili Hervé aliiandika mwenyewe, kwa Shindo, kuuliza habari za bodi ya ofisini.

Shindo ndiye aliyejibu kwanza. Ochola hakuikubali tafsiri ya kompyuta ya Hervé. Aliisoma mwenyewe, kamusi pembeni. Shindo alisema kwamba wiki moja kabla ya majaribio ya Osaka, Kuroiwa aliichukua bodi ya ofisini na kwenda nayo Nagoya kumwonyesha msambazaji mmoja, na bodi ikalala huko siku moja. Kuroiwa alimwomba Shindo asimwambie mtu. Yeye hakusema. Kuroiwa alifariki mwaka 2009.

"Alijua!" Mueni alifoka. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mumewe muda wote. "Mkurugenzi alijua bodi imelala kwa watu, na bado akakuita kukuuliza unamshuku nani!"

Jibu la Nakai lilichelewa miezi miwili. Wakati wote huo Ochola alilifungua sanduku la barua kabla hajavua viatu. Jibu lilipofika, hakulimulika kwenye taa. Lilikuwa fupi. Nakai alisema amestaafu, magoti yanamsumbua, mkewe anamsalimu mgeni wao wa mwaka mpya. Kisha akaandika kwamba na yeye aliitwa na Kuroiwa, asubuhi ya siku ileile, akaulizwa swali lilelile kwa upole uleule. *Nilikutaja wewe,* aliandika. *Nilisema wewe ndiye uliyebeba. Nilipoachishwa, nikaamini kwamba nilikuwa sahihi na kwamba ulinizunguka. Nimeisema habari hiyo kwa kila aliyeniuliza kwa miaka thelathini. Nimemwandikia rafiki yako aifute.*

Ochola alimsomea Mueni kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Alipofika mwisho alicheka kidogo, kicheko kikavu, halafu kikamgeukia kilio. Mueni alimwacha alie. Baadaye alivuta kiti, akaketi karibu yake, mkono wake ukarudi mahali pake.

Mwezi wa tano Hervé akaja Fisksätra na sura nzima ya kitabu, imechapwa upya. Ochola aliisoma kwenye balkoni, kalamu nyekundu mkononi, huku Hervé akimtazama kama mwanafunzi. Alirekebisha tarehe mbili na jina la mtaa. Akafika kwenye sentensi moja, akaikata.

"Hapa umeandika Kuroiwa aliuza mchezo wake mwenyewe."

"Mzee, kila mtu anaona! Bodi ililala Nagoya, naye akaficha!"

"Huenda aliuza. Huenda aliibiwa usingizini akaona aibu. Nani ameona? Shindo peke yake amesema, tena hakuwepo Nagoya. Mimi namshuku Kuroiwa, Hervé, namshuku kwa moyo wangu wote, na niko tayari kumshuku hadi kaburini. Lakini asiyekuwepo na lake halipo, hana wa kumtetea. Hilo lilitupata mimi na Nakai."

Walibishana hadi kahawa ikapoa. Mueni alimuunga mkono Hervé. Kwake yeye, mkurugenzi alikuwa mwizi wa wazi. Mwishowe Hervé akachukua kalamu na kuandika pembeni kwamba bodi ililala Nagoya siku moja, kwamba aliyeipeleka hakuwahi kueleza kilichotokea, na kwamba wafanyakazi wawili walibebeshwa tuhuma bila ushahidi.

Ochola aliusoma mstari huo, akaurudia.

"Weka na majina yetu," akasema. "La Nakai litangulie."